Alama 49 na ukuta wa 50

SWALI: Hujambo, Mwalimu? Nauza matunda Kayole, Nairobi. Binti yangu alipata 49 katika hisabati, ripoti ikaandikwa "kukaribia matarajio". Mwenzake wa dawati moja alipata 50, akaandikiwa "kufikia matarajio", kwa kuwa shuleni kwao mpaka ni 50. Alilia siku mbili. Mpwa wangu wa chuo kikuu anasema kuna hesabu iitwayo mantiki fazi ambayo ingemtendea haki. Ni kweli?
Mama Wanja

JIBU: Sijambo, Mama Wanja. Mpe Wanja pole zangu. Nimesahihisha hisabati miaka 22 huku Eastlands, na 49 imeninyima usingizi kuliko sifuri. Wa sifuri unajua pa kuanzia naye.

Mpwa wako hakosei. Wewe mwenyewe ukichambua maembe asubuhi huyagawi mabivu na mabichi tu. Lipo lililoiva upande mmoja: unalibonyeza, unatazama rangi, unamwambia mteja, "Hili la kesho." Mwaka 1965, Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipa hali hiyo hesabu yake, msingi wa mantiki fazi: kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiasi, kuanzia 0 hadi 1. Miaka ya 1970 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania (nafurahi kila nikimtaja), akaitumia London kuongoza injini ya mvuke kwa kanuni za maneno ya kawaida: kama hivi na hivi, basi vile.

Tumpime Wanja. Tuseme walimu wamekubaliana kwamba kufikia matarajio kunaanzia 40 na kukamilika 60. Kwa 49, amefikia kwa 0.45 na anakaribia kwa 0.55. Mwenzake ni 0.5 kwa 0.5. Kati yao pana 0.05 tu. Sasa ongeza kazi ya mradi, tuseme amefikia kwa 0.8. Kanuni ya "mtihani umefikia na mradi umefikia" huchukua kiasi kilicho kidogo kati ya viwili, 0.45; ya "mtihani unakaribia na mradi umefikia" hupata 0.55. Kanuni zote zikishapimwa, huunganishwa zikatoa alama moja, na mzazi anaweza kuonyeshwa ilikotoka.

Ila hizo 40 na 60 huwekwa na watu. Walimu wasipoketi wakazijadili, kompyuta itarudia dhuluma ileile. Wala mtihani uliotungwa vibaya hautengenezwi na hesabu yoyote.

Kwa sasa mwone mwalimu wa darasa, uombe karatasi yenyewe mwisome pamoja. Kama alama zilipotelea kwenye hesabu za sehemu, mkatie Wanja embe nusu na robo pale kibandani Jumamosi, kisha aniandikie mwenyewe.