Mwalimu Mpya wa Kitengo, Anza na Hela Halisi

Mwalimu, karibu kitengo cha ulemavu wa akili. Hata kama umetoka Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na mbinu zako zote, utakuta kitu ambacho kitakusumbua mapema: daftari lililojaa namba 1 hadi 10 kwa mwandiko mzuri, la mtoto ambaye ukimwambia "niletee vijiko vitatu" anabeba vyote vilivyomo kwenye kopo. Anaimba namba, hahesabu. Mimi humpima mtoto kwa swali moja tu: je, akifika tatu anaweza kuacha? Kama hawezi, daftari lipumzike. Mpe kazi ya kugawa vikombe wakati wa uji, mtoto mmoja kikombe kimoja, kila siku. Baada ya hapo muagize viwili, kisha vitatu.

Ninalokuomba kuliko yote ni hili: usimnyime somo la hela kwa sababu hajui kujumlisha. Mtoto wa miaka 12 hana muda mwingi uliobaki shuleni. Akisubiri amalize kujumlisha kwa kubeba ndipo ashike sarafu, ataondoka bila kuishika.

Tumia hela yenyewe. Picha za kwenye karatasi hazina uzito wala mlio, na zote zinalingana mkononi. Halafu angalia wanyama. Watoto wetu wengi hutambua hela kwa mnyama aliyechorwa, na hapo pana mtego: simba yupo kwenye sarafu ya 200 na pia kwenye noti ya 2,000, kifaru yupo kwenye sarafu ya 50 na pia kwenye noti ya 5,000. Mtoto anayetoa noti ya simba mahali pa sarafu ya simba anafuata alichofundishwa. Kwa hiyo mfundishe kwa tofauti kubwa kwanza, sarafu ya 100 na noti ya 1,000, mpaka asikosee, ndipo uongeze nyingine mojamoja. Simba wa sarafu na simba wa noti usiwaweke kwenye somo moja mapema. Na majina ya mtaani yafundishe pia. Dukani ataambiwa "buku" (elfu moja) na "jero" (mia tano), na asipoyajua ataonekana hajui hela.

Kulipa nako hakuhitaji kujumlisha. Bei ikiwa mia kitu, atoe noti moja ya elfu. Ikiwa elfu moja na kitu, atoe mbili. Akisikia "elfu mbili na mia tatu", ashike ile mbili, aongeze moja, atoe noti tatu. Anayejua kuhesabu hadi tano tu tayari ananunua vitu vya elfu nne na zaidi. Bei ikiwa elfu mbili kamili akatoa tatu, hakuna kilichoharibika, moja itarudi. Watoto wenye hali ya Down (Down syndrome) wengi hushika upesi wanachokiona kuliko wanachokisikia, kwa hiyo waandikie bei kwenye kadi.

Kigumu hasa ni kusubiri chenji. Mtoto akishapata maandazi yake anageuka na kuondoka. Vunja kazi nzima vipande vidogo: kusalimia, kutaja kitu, kutoa hela, kupokea kitu, kunyoosha mkono tena, kuweka chenji mfukoni. Kwa anayepata shida, fanyeni pamoja vyote vya mwanzo, umwachie kile cha mwisho akimalize mwenyewe. Akikiweza, mwachie na kinachokitangulia. Ukishauliza, nyamaza. Mwalimu anayerudia swali kila sekunde mbili anamkatiza mtoto akiwa bado anafikiri. Msaada wako upungue kila wiki: leo umemshika mkono, kesho nyoosha kidole, baadaye mtazame tu. Andika kila siku ni hatua ipi aliifanya peke yake, maana bila hayo maandishi utajidanganya.

Saa usiifundishe kwa kuongeza na kutoa sita. Simu inaandika 7:00, sisi tunasema saa moja, na mtoto huyu hana haja ya maelezo hayo. Oanisha uso wa saa na tukio: mshale ukikaa hapa, uji. Vipimo vifundishwe jikoni, kwa kikombe na unga.

Wazazi waulize mapema: ungependa umtume nini? Wengi hawajawahi kumtuma, wanaogopa ataibiwa. Hofu hiyo ina msingi, iheshimu. Nenda na mama kwa Mangi, mwenye duka wa jirani, mkubaliane naye kwamba mtoto atakuja na buku, apewe nafasi ya kusema mwenyewe na arudishiwe chenji mkononi. Akishazoea hapo, mpeleke genge lingine, kisha sokoni, kwa sababu wengi wakiweza duka moja hushindwa la pili kana kwamba hawajawahi kununua. Rudia hatua zilezile, na huko napo anza kwa kukaa kimya.