Mpangaji anapotaka hati

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kwa nini kiongozi wa nchi kubwa, yenye jeshi na mali za kutosha, atake kuitawala ardhi ya watu wengine? Bila shaka swali limetokana na Rais Trump wa Marekani anayeitaka Greenland, kisiwa cha kaskazini kilicho chini ya Denmark. Wengi watajibu kwamba ni madini. Mimi nalikubali jibu hilo kidogo sana.

Madini Greenland yapo, yakiwemo yale adimu yanayotengenezewa sumaku za magari ya umeme na za silaha, na China ndiyo inayoongoza duniani kwa kuyasafisha. Lakini madini hununuliwa. Kampuni inaomba leseni, inalipa mrabaha, inachimba, inasafirisha. Sisi Watanzania tunalijua hilo kutoka Geita hadi Mwadui. Huhitaji kupandisha bendera yako ili upate dhahabu ya mwenzako.

Wengine watasema usalama, na hapo pana uzito zaidi. Njia fupi ya kombora kati ya Urusi na Marekani inapita upande wa Ncha ya Kaskazini, na Greenland iko njiani. Mwaka 1941, Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani, Wamarekani walikwenda kulinda kisiwa hicho. Mwaka 1946 serikali ya Rais Truman ikataka kukinunua kwa dhahabu ya dola milioni 100, Denmark ikakataa. Mwaka 1951 wakatiliana saini mkataba wa ulinzi, ikajengwa kambi ya Thule, ambayo siku hizi inaitwa Pituffik. Wakati wa Vita Baridi Marekani ilikuwa na vituo kadhaa kule na maelfu ya askari. Vingi ilivifunga yenyewe, kwa hiari yake, ikabaki na kambi hiyo moja, na mkataba wa 1951 haujafutwa. Kama shida ni ulinzi tu, mlango uko wazi tangu zamani.

Basi kinachotafutwa ni nini? Mimi nina fremu ya duka Kariakoo, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyaona. Mpangaji anaweza kuwa na mkataba safi, kodi ya mwaka mzima ameshalipa, wateja wamejaa, na bado usiku hapati usingizi. Mwenye jengo akifariki, watoto wanaweza kuuza. Jirani mwenye mtaji anaweza kuja na dau kubwa. Nafasi anayo, anachokitaka ni hati ya umiliki, ili isije siku ya kuambiwa ahamishe mzigo halafu mshindani wake apewe funguo.

Tazameni Crimea, rasi ya Ukraine kwenye Bahari Nyeusi. Urusi ilikuwa na kambi yake ya wanamaji pale Sevastopol kwa mkataba na Ukraine, na mwaka 2010 mkataba huo ulirefushwa hadi 2042. Februari 2014 serikali iliyokuwa karibu na Moscow ikaanguka mjini Kyiv. Haikupita hata miezi miwili, Machi ya mwaka huohuo, Putin akaitwaa rasi nzima. Miaka 28 ya mkataba iliyobaki haikumtosha, kwa kuwa mkataba unategemea nani anatawala upande wa pili.

Na sisi wa Pwani tulifanyiwa hivyohivyo. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikodi pwani hii kwa Sultani wa Zanzibar, ushuru wa forodha na utawala, kwa miaka 50. Watu wa Pwani wakaikataa, Abushiri bin Salim akaongoza vita, serikali ya Ujerumani ikaleta askari, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Berlin na London wakakubaliana. Uingereza ikatoa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani ikaiachia Uingereza Zanzibar iwe chini ya ulinzi wake. Pwani yenyewe Wajerumani waliinunua kwa Sultani kwa marki milioni 4. Kukodi kuligeuka kununua kabla miaka mitatu haijatimia.

Waingereza walikuwa wanahofia chanzo cha mto Nile kisishikwe na wengine, Wajerumani walikuwa wanayawazia maji ya pwani yao wenyewe kule Ulaya. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Nendeni Sokoine Drive hapa Dar es Salaam, karibu na boti za Zanzibar, msimame mbele ya Boma la Kale: kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango wa mbao wa Kizanzibari, jengo la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid aliyeuanzisha mji huu. Jengo hilo lilipita mkono kwa mkono pamoja na bandari na kila ngalawa ya Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwa hapa, na hakuna mvuvi aliyeulizwa. Inaniuma hadi leo kwamba shule tulifundishwa habari hizi kama tarehe za kukariri tu.

Kuna pia nafsi ya kiongozi mwenyewe, nayo msiidharau. Mwaka 2019 Trump alizungumzia Greenland kama biashara kubwa ya ardhi na majengo, fani aliyokulia. Machi 2025 akawaambia wabunge wa nchi yake kwamba wataipata kwa njia moja au nyingine. Ramani ikibadilika, jina la aliyeibadilisha halifutiki, na nyumbani wanashangilia. Putin alipanda sana machoni pa Warusi baada ya Crimea. Idi Amin hakuwa mkuu wa dola kubwa, lakini mwaka 1978 jeshi lake lilikuwa linaasiana lenyewe kwa lenyewe ndipo akavamia Kagera, akatangaza kwamba ni ya Uganda. Ndugu zetu wa Kyaka na Minziro wanajua gharama yake.

Greenland ina watu kama 57,000 tu. Utafiti wa maoni wa Januari 2025 ulionyesha asilimia 85 yao hawataki kuwa sehemu ya Marekani. Tofauti na wavuvi wa Mzizima, wao wana sheria ya mwaka 2009 inayowatambua kuwa ni taifa lenye haki ya kujiamulia, hata kujitenga na Denmark wakitaka. Hilo ndilo jambo la kulindwa kwanza, kabla ya kujadili kama mnunuzi ana hoja au hana.

Kwetu sisi hili si jambo la mbali. Mwaka 1964, Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyewasilisha azimio la nchi za Afrika kuheshimu mipaka tuliyoirithi, na miaka kumi na minne baadaye tukaitetea kwa damu. Lakini Oktoba 2022, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura azimio la kuikataa hatua ya Urusi kutangaza mikoa minne ya Ukraine kuwa yake, Tanzania ilijizuia. Najua sababu zinazotolewa, sera ya kutofungamana na upande wowote na nyinginezo, na sikuridhika nazo. Nchi iliyopigania Kagera ilipaswa kupiga kura ya ndiyo siku ile, na azimio kuhusu Greenland likifika New York, nataka ipige kura hiyo.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam