Seva imejaa, na jopo linakutazama

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu usaili wa kazi za mifumo ya kompyuta: maofisa TEHAMA serikalini na wahandisi wa mifumo kwenye kampuni binafsi. Nimewahi kukaa pande zote mbili za meza hiyo hapa Dodoma, na ninajibu kwa yale niliyoyaona.

Shikamoo kaka. Nimeitwa kwenye usaili wa mchujo kupitia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na ni mara yangu ya kwanza. Nijiandae vipi? (Msomaji, Singida)

Marahaba. Mchujo ni mtihani wa kuandika. Ukivuka, mara nyingi kwa kada yetu kuna usaili wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye mchujo rudia misingi: DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) inafanyaje kazi, mtandao mdogo wa ukubwa wa /26 una anwani ngapi za kutumika (62), kwa nini RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) si mbadala wa nakala rudufu. Diski zikinakiliana, faili uliyoifuta kwa bahati mbaya imefutika kote.

Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Fika mji wa usaili jana yake. Kama usaili uko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwambie bodaboda jina la ndaki, maana chuo kimesambaa vilimani na nimeona vijana wakihema kutoka ndaki moja hadi nyingine huku majina yakiitwa.

Jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne. Itakuwa shida? (Msomaji, Mpwapwa)

Ndiyo. Muone wakili mapema akuandalie hati ya kisheria ya majina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Beba pia vyeti halisi. Karatasi ya matokeo haipokelewi badala ya cheti.

Niliulizwa: seva inasema diski imejaa, lakini amri ya df -h, ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha nafasi ipo. Nikasema nitaiwasha upya. Jopo likaguna tu. Jibu lilikuwa lipi? (Msomaji, Kondoa)

Pole sana, ndugu yangu. Swali hili nalipenda kwa sababu linamtenga aliyekariri amri na anayejua kinachoendelea ndani ya mashine.

Fikiria ghala la mahindi pale Kibaigwa. Kila gunia linaloingia lazima liandikwe mstari mmoja kwenye daftari. Mistari ikiisha, mwenye ghala hapokei gunia jingine hata kama nusu ya ghala ni tupu. Diski ya Linux (mfumo endeshi wa seva nyingi) yenye mpangilio wa faili wa ext4 iko hivyo: idadi ya mistari hiyo, inayoitwa inodi, hupangwa siku diski inapoandaliwa. Programu ikizalisha mamilioni ya vifaili vidogo, inodi huisha kabla ya nafasi. Amri ya df -i, inayohesabu inodi, ingekuonyesha zimetumika asilimia 100.

Kisha wangekugeuzia: umefuta faili kubwa la kumbukumbu za mfumo lakini nafasi hairudi, kwa nini? Kwa sababu kuna programu bado imelishikilia. Unaitafuta kwa lsof, amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa na programu, halafu unaianzisha upya programu hiyo peke yake.

Kuwasha upya seva nzima kungeweza kurudisha nafasi katika hali hii ya pili, lakini ungepoteza ushahidi wa chanzo, na watumiaji wote wangekatika. Ndiyo maana waliguna. Safari ijayo fikiri kwa sauti: "Kwanza nitaangalia hiki, nikikuta hivi nitakwenda kule." Nimewahi kumpa alama nzuri binti ambaye hakufika kwenye jibu, kwa kuwa kila hatua yake ilikuwa na sababu.

Sina uzoefu wa kazi. Nitawaambia nini? (Msomaji, Nkuhungu)

Waambie ulichokifanya kwa mikono yako. Kompyuta ya RAM ya GB 8 inatosha kuendesha mashine pepe mbili za Linux, yaani kompyuta za programu ndani ya kompyuta yako. Weka tovuti kwenye moja, nakala rudufu kwenye nyingine. Halafu futa ya kwanza kwa makusudi, uirejeshe, na uandike ilikuchukua dakika ngapi na wapi ulikwama. Usidai ulisimamia mfumo ambao hukuusimamia. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwenye kampuni moja, na swali la tatu tu lilitosha kunivua nguo. Hadi leo nikikumbuka nasikia joto usoni.

Mwisho wanasema, "Una swali?" Niulize nini? (Msomaji, Ihumwa)

Uliza mara ya mwisho walijaribu lini kurejesha nakala rudufu, na nani hupigiwa simu mfumo ukianguka usiku. Wakijibu kwamba hawajawahi kujaribu, na kwamba atakayepigiwa ni wewe peke yako, ongelea zamu na posho kabla hujasaini mkataba.