Maswali na Majibu ya Gereji: Bodi ya Zamani Juu ya Chasisi ya Kisasa

Fedha za minada ya korosho zikianza kuingia mifukoni, maswali yanayonifikia nayo hubadilika. Safari hii mengi yanahusu kuipandisha bodi ya pikapu ya zamani juu ya chasisi ya gari la kisasa, ili mtu apate sura ya gari la mzee wake na starehe ya gari la leo. Nimechagua machache, na yaliyorudiwa nimeyaunganisha. Chasisi ni ile fremu ya chuma inayobeba injini, magurudumu na bodi, na sitaeleza zaidi ya hapo. Asiyeijua bado hajafikia hatua ya kushika msumeno.

Msomaji wa Masasi: *Nina bodi nzima ya Land Rover 109 Series III iliyokuwa ya marehemu baba. Nimepata chasisi ya Toyota Hilux ya mwaka 2008 pamoja na injini yake. Je, itakaa?*

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kukaa itakaa, kwa kuwa kitu chochote hukaa juu ya kingine ukikilazimisha, lakini haitalingana. Land Rover hiyo inaitwa 109 kwa sababu umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, yaani takriban milimita 2769, ilhali Hilux ya kizazi hicho ina milimita 3085. Tofauti ni zaidi ya sentimita 31. Ukilinganisha matairi ya mbele na madigadi yake, tairi la nyuma litakuwa limesogea nyuma kiasi cha kugusa bati, na itakulazimu kukata bodi ambayo umesema unaitunza kwa ajili ya kumbukumbu. Juu ya hayo, ekseli za Hilux ni pana zaidi, kwa hiyo matairi yatatokeza nje kwa pande zote mbili.

Kama nia yako ni ile bodi, tafuta chasisi inayoikaribia. Land Rover 110, iliyoanza kutoka mwaka 1983, ina inchi 110, sawa na milimita 2794, tofauti ya milimita 25 tu, na inatumia springi za koili badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa, ambazo baba yako alizivumilia miaka yote. Hata hapo ekseli ni pana kuliko za Series, ndiyo maana kiwanda kiliongeza nyusi za plastiki juu ya matairi ya 110, nawe utazihitaji. Kwa wenye bodi za Land Cruiser za mfululizo wa 40, zile pikapu ndefu za milimita 2950, chasisi ya Land Cruiser HZJ75 yenye milimita 2980 ndiyo jirani wa karibu. Huo ndio muungano wa pekee ambao ningeupendekeza kwa moyo mweupe katika mikoa yetu, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na mafundi wanaijua injini yake.

Kabla ya kununua chochote, pima. Egesha chasisi kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, teremsha timazi kutoka katikati ya kila kitovu cha gurudumu na kutoka kila tundu la kufungia bodi, weka alama ya chaki sakafuni, kisha sogeza chasisi pembeni. Utabaki na ramani kamili ya gari chini ya miguu yako. Pima mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 au 6, chasisi hiyo imepinda, na ukimuuliza vizuri aliyekuuzia utaambiwa kwamba gari liliwahi kulala ubavu. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimetoka kwenye ajali.

Msomaji wa Lindi mjini: *Nimeona video za Wamarekani wakifanya kazi hii kwa wikiendi moja. Kwa nini mafundi wetu wanataka miezi?*

Kwa sababu video hukatwa. Mmarekani unayemwona huchukua, kwa mfano, bodi ya Chevrolet 3100 iliyotengenezwa kati ya 1947 na 1955, yenye inchi 116 kati ya ekseli, na kuiweka juu ya chasisi ya Chevrolet S-10 yenye inchi 117.9. Muungano huo umekwisha kufanywa na watu wengi kabla yake, na vyuma vya kushikia bodi vinauzwa dukani vikiwa vimekatwa tayari. Hapa kwetu S-10 haipo, na kila kibao cha kushikia bodi fundi atakipima, atakikata na kukichomelea mwenyewe. Akikwambia miezi miwili, mshukuru. Akikwambia wikiendi, ondoka na bodi yako.

Msomaji wa Tandahimba: *Fundi wangu anasema ataikata chasisi katikati, atoe kipande, kisha aiunganishe ili ilingane na bodi. Ni salama?*

Mara nyingi si salama. Chasisi hubeba uzito wote kwa kujipinda kidogo na kurudi, na kila mara gari linapopita kwenye makorongo ya mchanga mwekundu wa huko kwenu, mvutano hukusanyika mahali penye udhaifu. Kiungo kilichokatwa wima, kikachomelewa kwa mstari mmoja na kusagwa ili kipendeze, ndicho udhaifu wenyewe. Hakitavunjika siku ya kwanza. Kitavunjika gari likiwa limebeba magunia, kwenye mteremko.

Ikiwa ni lazima kukata, mkato uwe wa mshazari au wa ngazi, chuma kipenye ndani ya chuma, na juu ya kiungo viwekwe vibao vya kuimarisha ambavyo ncha zake zimekatwa kama almasi, ili mstari wa kuchomelea usivuke chasisi wima. Usitoboe wala kuchomelea ukingo wa juu au wa chini wa boriti. Kazi zote zifanyike ubavuni, kwa kuwa kingo hizo ndizo zinazobeba mvutano mkubwa zaidi. Mchomeleaji awe mtu anayechomelea vyuma vya kubeba mzigo. Anayetengeneza mageti na madirisha, hata awe hodari vipi, hiyo si kazi yake. Lakini mimi ningemwambia fundi wako aache msumeno chini na kusogeza sanduku la nyuma. Pikapu ina bahati kuliko magari mengine, kwa sababu kichwa na sanduku ni vitu viwili, na pengo la sentimita chache kati yao halimdhuru mtu.

Msomaji wa Mikindani: *Raba za kati ya bodi na chasisi zina ulazima?*

Ndiyo. Bila raba, nguzo za kioo cha mbele zitapasuka.

Msomaji wa Nachingwea: *Kuna lori la bonneti la enzi za Waingereza limetelekezwa hapa. Nataka kukiweka kichwa chake juu ya chasisi ya Canter, kwa kuwa Canter ziko nyingi. Unashauri nini?*

Nakushauri uichungulie Canter kwanza. Dereva wa Canter amekaa juu ya injini, na usukani wake unashuka mbele ya ekseli ya mbele. Lori la bonneti lina injini mbele ya miguu ya dereva na usukani nyuma ya ekseli. Ukiweka kichwa hicho pale, ama injini itakuwa ndani ya kiti, ama dereva atakuwa katikati ya sanduku la mizigo. Yanayotakiwa kufanana kwanza ni mahali ilipo injini, usukani na pedali. Urefu unafuata baadaye.

Kwa kuwa umetaja enzi hizo, wazee wa Nachingwea wanajua kwamba mradi wa karanga wa Waingereza, uliotelekezwa mwaka 1951, ulileta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vya vita vya pili: mizinga na minara iliondolewa, sehemu ya chini ikabaki na kuvalishwa sura mpya. Hata wale waliokuwa na kiwanda kizima nyuma yao waliianza kazi kutoka chini kwenda juu. Nyinyi mnanunua kichwa, mnakipaka rangi, kisha mnatafuta cha kukiwekea.

Msomaji wa Mtama: *Na pikapu ya Peugeot 404?*

Hapana. Kichwa chake kimechomelewa pamoja na sakafu, na sakafu hiyo ndiyo inayobeba gari. Hakuna fremu ya kufungua kwa spana na kuiacha nyuma. Uimara wa 404, uliompa dereva Bert Shankland wa Dar es Salaam ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967, ulikuwa ndani ya bodi yenyewe. Ikate, na huna tena kitu. Itengeneze ilivyo.

Wasomaji watano, Mtwara na Lindi: *Baada ya kazi, kadi inayobaki ni ya gari lipi?*

Hili huulizwa na watu ambao tayari wamekwisha kukata, na ndiyo maana linanichosha. Kadi ya usajili hubeba namba ya chasisi na namba ya injini. Gari lililobaki, machoni mwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na machoni mwa trafiki, ni lile lenye chasisi, hata kama jirani zako wote wanaliita Land Rover ya babu. Kwa hiyo chasisi ikiwa ya Hilux, kadi inayohusika ni ya Hilux, na mabadiliko ya bodi yanapaswa kuandikishwa. Nenda TRA kabla ya kufungua bolti ya kwanza, ukiwa na mkataba wa mauziano, nakala ya kadi ya gari lililotoa chasisi na maelezo ya unachotaka kufanya. Ulizia ukaguzi unaotakiwa, na upate majibu kwa maandishi. Chasisi isiyo na kadi usiinunue, hata ikiwa rahisi kiasi gani, maana siku mwenyewe akijitokeza utaikabidhi pamoja na bodi ya marehemu juu yake.

Wapo pia wanaoshauriwa kukata kile kipande chenye namba kwenye chasisi iliyooza na kukichomelea kwenye ile mpya ili waendelee na kadi ya zamani. Hilo ni kughushi utambulisho wa gari, ni kosa la jinai, na anayekushauri hivyo hatakuwapo mahakamani. Bima nayo ijue gari likoje. Ukipata ajali na mkaguzi akakuta chasisi haifanani na karatasi, usitarajie fidia.

Mzee wa Newala: *Mwanangu, nashuka na kupanda mteremko wa kwenda Ruvuma kila wiki. Pikapu yangu ya zamani haishiki breki vizuri. Je, chasisi mpya itanisaidia?*

Shikamoo mzee wangu. Itakusaidia, na hii ndiyo sababu ya maana kuliko zote za kufanya kazi hii. Magari ya zamani ya aina ya lako yana breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, ambazo hupata moto kwenye mteremko mrefu na kulegea, wakati chasisi ya kisasa huja na diski mbele na kisaidizi cha breki. Lakini tahadhari: silinda kuu ya breki na kisaidizi hicho hufungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, na bati la kichwa cha zamani ni jembamba mno. Ukikanyaga, bati linajipinda na pedali inazama bila breki kushika. Fundi aweke kibao cha chuma cha milimita 3 au 4 upande wa ndani, akifunge hadi kwenye nguzo za mlango. Amwombe mtu akanyage kwa nguvu zote huku yeye akiangalia kwa tochi upande wa injini. Bati likitikisika, kazi haijaisha.

Badilisha pia mhimili wa usukani. Ule wa zamani ni chuma kimoja kilichonyooka kuelekea kifuani. Wa kisasa hukunjika.

Hata hivyo, mzee wangu, kama chasisi yako ya sasa haijaoza, muulize fundi kwanza gharama ya kufunga breki za diski kwenye hiyo hiyo. Nusu ya kazi hizi za kupandisha bodi zingeweza kuepukwa kwa kukarabati kilichopo.

Msomaji wa Kilwa Masoko: *Nabeba chumvi. Bodi yangu ni ya aluminiamu, haishiki kutu, kwa hiyo wasiwasi wangu ni chasisi tu. Niko sahihi?*

Hujakosea kuhusu chasisi, umekosea kuhusu bodi. Aluminiamu ikigusana na chuma mbele ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Fungua bati lolote la Land Rover ya pwani mahali linapokutana na fremu ya chuma utaona unga mweupe na tundu la bolti lililopanuka hadi kichwa cha bolti kinapita. Kwenye chasisi mpya unayo nafasi ya kulifanya vizuri: paka rangi pande zote mbili kabla ya kuunganisha, weka utepe wa raba kila mahali chuma na aluminiamu vinapokutana, na tumia washa za plastiki chini ya bolti. Boriti za chasisi zilizofungwa kama sanduku zina matundu ya kutolea maji. Yazibue, kwa sababu chumvi iliyochanganyika na vumbi hukaa ndani na kula chuma bila wewe kuona. Uoshe uvungu kwa maji yasiyo na chumvi kila ukishusha mzigo. Puti haizuii kutu, inaificha.

Msomaji wa Magomeni, Mtwara: *Niulize gharama kwa jumla?*

Siwezi kutaja bei ya kitu nisichokiona. Ukipanga bajeti, anza na karatasi, chasisi na breki. Rangi iwe ya mwisho.

Msomaji wa Shangani: *Bodi imeshakaa, gari linawaka vizuri, ila taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) kwenye dashibodi haizimiki. Fundi ameshauri tutoe balbu. Nikubali?*

Usikubali. Kila gurudumu la chasisi hiyo lina sensa inayopeleka taarifa kwenye kontroli boksi, na mara nyingi nyaya zake hukatwa au kuungua wakati wa kuchomelea, hasa fundi asipotoa waya za betri na soketi ya boksi hilo kabla ya kuwasha mashine. Lipeleke gari kwa mtu mwenye kompyuta ya kusomea makosa akuambie ni gurudumu lipi. Ikiwa ni nyaya, kazi ni ndogo. Ikiwa boksi limeungua, mdai aliyechomelea bila kuchomoa soketi, na balbu ibaki pale ilipo.