Risasi inaruka ukiimimina

Ndugu, unasema unasubu vichwa vya chambo bandia cha kuvulia samaki kwa risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), nayo inaruka, vichwa vingine vinajaa nusu, na mwili laini wa chambo unateleza. Risasi kuruka ukiisubu ni dalili ya unyevu ndani ya kalibu, yaani kile chombo kinachoipa umbo. Tone la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Pasha kalibu moto kwanza, ikauke kabisa, ndipo uweke ndoano na kumimina. Hapo hata vile vichwa vinavyojaa nusu vitapungua, maana risasi huganda ikishuka chini ya nyuzi 327 za Selsiasi. Fanyia kazi nje, vaa miwani na glavu. Sufuria unayoyeyushia risasi isirudi jikoni kamwe, hata ukiisugua vipi. Mwili laini wa chambo kuteleza ni jambo dogo: acha kijino cha risasi shingoni mwa kichwa kiushike.