Mtoto wa Kusini, Omba Mlimani

Binti mmoja wa Masasi aliyemaliza kidato cha sita ameniandikia: "Kaka, nataka kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini nyumbani wanasema Mlimani siyo pa watoto wa wakulima wa korosho." Maneno hayo niliambiwa na mwalimu wangu huku Mtwara, darasa zima linasikia. Yananichoma hadi leo. Nilikwenda, nikamaliza, na mama yangu akanipigia vigelegele nikiwa ndani ya joho.

Mdogo wangu, chuo kile kilianza 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 13 tu wa sheria. Kilihamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu cha taifa 1970. Ni cha umma. Ni chako.

Ila kijue kabla ya kuomba. Ukitaka ualimu, soma vizuri jina la chuo: DUCE iko Chang'ombe, MUCE iko Iringa. Ni vyuo vyake vishiriki vya elimu, lakini haviko Mlimani. Kozi za kompyuta nazo zina kampasi yake Kijitonyama.

Halafu fedha, hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Chuo hufunguliwa minada ya korosho ikiwa ndiyo kwanza imechangamka. Baba alikuwa na magunia ghalani na stakabadhi mfukoni, malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, hayajaingia, na mimi natakiwa nisafiri. Nauli tulikopa kwa jirani. Kwa hiyo mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuombe dakika za mwisho. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Na uwe na akiba ya chakula, maana bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, huweza kuchelewa.

Darasani mtakuwa mamia. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi jana, mpaka sapu, mtihani wa marudio, ikuulize. Kaa mbele. Maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018 izoee tangu wiki ya kwanza. Lafudhi yangu ilichekwa nilipowasilisha kazi ya kikundi. Niliendelea kuongea hadi mwisho. Nanyi ongeeni! Acheni kujidharau, vijana wa Kusini. Acheni kuomba ruhusa kwa watu ambao hawajawahi hata kukanyaga pale.

Basi letu linaingilia Mbagala, na Mlimani iko mbali na hapo. Panda la alfajiri ufike mapema, na mwenyeji wako ajue kabla hujaondoka Masasi.