Mbunge akifungwa, pensheni anaendelea kula?

SWALI: Shikamoo mzee. Napanga maboksi ghalani usiku huku Columbus, Ohio, na kila mshahara nakatwa kodi. Mwenzangu wa zamu anasema mbunge wa Marekani hata akifungwa kwa rushwa analipwa pensheni. Kweli?
Mlipakodi

JIBU: Marahaba, binti. Ilikuwa kweli. Randy Cunningham, mbunge wa California, aliandika bei zake za rushwa kwenye karatasi yenye nembo ya Bunge: zabuni ya dola milioni 16, apewe boti ya dola 140,000, kila milioni ya ziada, dola 50,000, na zikipita milioni 20, dola 25,000 tu. Ukinunua nyingi, anakupunguzia! Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 8 na miezi 4 jela, pensheni haikuguswa, maana sheria ya 1954 ya kunyang'anya pensheni ililenga hasa uhaini na usalama wa taifa.

Mwaka 2007 rushwa na kiapo cha uongo vikaongezwa kwenye orodha ya makosa yanayomnyima mbunge pensheni. 2012 orodha ikarefushwa. Anayetiwa hatiani hupoteza pensheni ya ubunge, ila michango yake mwenyewe hurudishiwa, na mkewe na watoto wanaweza kufikiriwa. Hapo sina ugomvi. Watoto hawakupokea boti.

Kinachoniudhi ni orodha yenyewe. Dennis Hastert, Spika wa zamani, alihukumiwa miezi 15 mwaka 2016 kwa kutoa fedha benki kidogo kidogo ili zisiripotiwe, fedha za kumnyamazisha mtu ambaye Hastert mwenyewe alimnajisi shuleni alipokuwa kocha. Kosa hilo halimo kwenye orodha. Pensheni ya Bunge akabaki nayo.

Kwa hiyo mwenzako hajakosea sana.